Ritifaa

Saa nane usiku na ushei, Sunderland.
Mto Wear umeganda kingoni,
nami niko ghorofa ya tatu, idara ya mitambo ya halmashauri,
nasoma batli ya ngome.

Si ngome ya mawe. Hii haina hata kokoto.
Ni kanuni mia tatu na kitu zilizosimama mlangoni
mwa tovuti ya kuombea matengenezo ya nyumba.
Kila anayebisha hupekuliwa mifuko,
na kila upekuzi ni mstari mmoja:
saa, anwani, kanuni, imezuiwa.
Saa, anwani, kanuni, imezuiwa.
Mistari elfu arobaini kwa usiku. Macho yanaota kutu.

Bwana Thirlwell, kabla hajastaafu,
aliipanga batli apendavyo: safu nne tu.
"Ukitaka kuona yote," alisema, "hutaona kitu."
Ni kweli. Ila safu nne nazo zina upofu wake.

Usiku huu anwani moja imebisha mara kumi na moja.
Kanuni ileile. Dakika mbili, dakika tatu, kimya, kisha tena.
Roboti haisiti hivyo.
Mwizi wa kweli hubadili mlango;
huyu anabisha kama mtu aliyesahauliwa nje na wenye nyumba.

Basi naifungua batli, naipanga upya.
Nachuja: anwani hii tu, tangu saa sita.
Nafuta safu ya aina ya kivinjari, makapi matupu.
Naongeza mbili ambazo Thirlwell hakuzitaka:
kilichotumwa, na kilichonaswa.
Nambari za simu naziziba kwa nyota, sheria ni sheria.
Nabonyeza. Kipasha joto kinakohoa chini ya meza.

Jina la ukoo: Mang'enya.
Tatizo: boila imezima. mtoto ana wiki tatu.
Kilichonaswa:

'

Hicho tu. Kinundu cha wino.
Wavunja hazina hukitumia kuchokolea kufuli,
na ngome imefunzwa kukishtukia popote ikionapo.
Nani angeiambia kwamba kwetu hapo ndipo
sauti inapopanda puani?
Kiondoe kwenye ng'oa, unabaki na ngoa:
ulikuja kung'oa kisiki, unaondoka na wivu.
Bila hicho hakuna kunong'ona, hakuna kung'ang'ania,
na hii ng'ambo niliyoijia haiandikiki.

Baba aliitwa Ng'wandu.
Pasi yangu inasema Ngwandu.
Karani alisema mashine haikubali,
nami nikasema haidhuru, nina ndege ya kuwahi.
Haidhuru. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Naandika msamaha wa kanuni:
katika uga wa jina, ritifaa ipite.
Naujaribu kwa jina la baba. Linapita.
Nakaa nalitazama kidogo, zima,
kisha narudi kwenye batli kumtafuta Mang'enya,
nimpe namba yake mwenye zamu ya mabomba,
na ndipo nauona mstari wa kumi na mbili,
dakika sita kabla ya msamaha wangu:

saa, anwani, imeruhusiwa.
Jina la ukoo: Mangenya.

Fundi keshatoka, gari lake liko Roker.
Mtoto atapata joto kabla hakujapambazuka.
Ndiyo kazi yenyewe, na imefanyika,
bila mimi,
kwa bei ambayo batli haina safu yake.

Asubuhi Maureen ataingia na chai yake,
ataniuliza hii kanuni mpya ni ya nini,
na mbona nimeipa jina asiloweza kulitamka.
Nitamwambia ni alama ndogo.
Nitamwambia asiifute.