Kidato cha Tatu

Ngazi ya uchochoro wetu, Mkomani,
kidato cha tatu ni kifupi kuliko wenzake.
Mgeni akijikwaa humlaani fundi.

Fundi Lali Shekuwe.
Mamake alikuwa na goti bovu;
akampimia kwa uzi wa kofia:
mguu ulipofika penye uchungu
hapo akaukata uzi,
akachonga jiwe, akapaka chokaa.
Jina hakuandika.

Mama alikwenda. Lali naye.
Kaburi lake silijui tena ni lipi,
nyasi zimekula mpaka.

Jana alfajiri, mimba ya miezi minane,
ndoo mkononi, pumzi fupi,
mguu wangu ukakuta jiwe
kabla sijalitafuta.

Nikasimama kidogo.
Punda wa watu, na mzigo wake wa mchanga,
akangoja nyuma yangu.