Kikoa

Tulilinunua jina mwaka ule parachichi lilipokuwa
chakula cha nguruwe na kivuli cha kufungia mbuzi.
Watu watatu, nyuma ya duka la fotokopi, Tukuyu,
mvua ikigonga bati hata tukaandikiana badala ya kusemezana.
Andongolile alitoa elfu kumi, Sekela elfu nane,
mimi nikamalizia na chenji ya mafuta ya taa.
*Parachichi*, nukta, kisha mkia wa nchi.
Basi. Hakuna hati, hakuna jiwe la mpaka,
neno tu, limesimama mahali pasipo na udongo.

Kila Machi lilidai ada kama mtoto wa shule.
Tulilipa kwa zamu. Zamu yake ya mwisho
Andongolile aliuza jogoo;
sikujua hadi mkewe aliponiambia, matangani.

Shangazi Tusekile, aliyekata mkonge Tanga kabla sijazaliwa,
aliuliza: Mnauza nini hasa?
Kikoa, nikasema. Ndivyo linavyoitwa jina la intaneti.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
Kikoa hakiuzwi, mwanangu. Kikoa huliwa:
leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani.
Hiki ni kingine, shangazi.
Mlikuwa mnakilipiaje?
Kwa zamu.
Akanitazama tu.

Barua ilikuwa ya kampuni yenye maghala ya baridi.
*Tungependa kujua kama jina hili linatumika.*
Naijua sauti hiyo. Ni ya mchuuzi, sokoni Kiwira,
anapapasa mkungu wako huku anautazama wa jirani.
Shangazi kauza ndizi pale miaka ishirini na moja:
Usitaje bei. Aliyetoka kwake ndiye mwenye njaa.
Usijibu usiku, jibu la usiku hunuka shida.
Na hiyo Machi yenu, imeze.

Siku nne nikanyamaza, nikitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.
Wakasema laki tatu. Nikaandika: *Ahsanteni, tunatafakari.*
Laki nane. *Tunatafakari.*
Sekela akapiga simu kutoka Uyole, anafoka:
Chukua! Karo inanidai, we unatafakari nini?
Sikuwa na jibu. Neno lina kilo ngapi?
Dirishani lori lilipanda mlima kwa gia ya kwanza,
kijani tupu hadi juu ya turubai,
kila tunda limebeba jina letu na halijui.
Nikaandika milioni sita
nikaifunga kompyuta kama mtu aliyerusha jiwe gizani.

Nne na nusu, wakasema, baada ya wiki mbili za ukungu.

Hapo ndipo tumbo liliponikata. Nani aachie kwanza?
Mimi nina msimbo wa herufi kumi na sita;
ukishautuma, haurudi, hauna mguu wa kufungwa kamba.
Wao wana fedha, na ahadi, na saini yenye mikia.
Tukamweka kati wakili mmoja wa Mbeya, mwanamke mkavu,
asiyeuliza habari za nyumbani.
Fedha kwake kwanza. Akaniita, nikaziona kwa macho yangu.
Ndipo nikaandika herufi moja moja,
ya mwisho nikaisoma mara tatu.

Kesho yake, kwa mazoea, nililiita jina.
Ukafunguka mkono wa mtu nisiyemjua
umeshika parachichi lililopasuliwa, safi mno, bila mdudu.

Nililipeleka fungu la Andongolile hadi Masoko, kwa miguu.
Lugano alihesabu mara moja, akafunga kwenye pindo la kanga.
Hilo jina lilikuwa wapi? akauliza.
Nikainua mkono nimwonyeshe,
ukabaki hewani, hauna pa kuelekea.
Akacheka kidogo, akapakua mbalaga.
Nje jogoo mpya alikuwa anaparura kwenye maganda.
Kesho kwa Sekela, nikasema, mdomo umejaa.
Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hatukuwa tumepanga.