Kuanika Jua

Baba alikuwa na mashine nne na majina matatu.
Ya kwanza Shangazi, kwa kelele.
Ya pili Mgeni: alikula,
na siku ya tatu hakushika jembe.
Ya tatu Pumu,
aliyekohoa alfajiri mpaka vikombe vyetu kabatini vikaitikia.
Ya nne haikuwahi kuwaka wiki nzima,
na mtoto asiyefika siku ya saba, alisema Baba,
hana jina.

Miaka ishirini na sita pale Wesha.
Meli ya dizeli ikichelewa,
mji mzima ulimjua kwa jina lake na la mamaake:
"Asaa wa Time, umetutia kiza!"
kana kwamba yeye ndiye aliyeifunga bahari.
Usiku kama huo alirudi kwa njia za nyuma,
akala bila neno, akalala na viatu.

Mama aliifua kanzu ya Ijumaa peke yake,
kwa maji ya moto, kwa ndimu, kwa dua,
na bado, msikitini, safu ya tatu,
waliosali ubavuni mwake walijua zamu yake ilikuwa lini.
Harufu ile ndiyo iliyoninunulia madaftari ya skuli.
Siitukani.

Sasa mimi, Mize, binti wa dizeli,
nina ufunguo wa uwanja kule Vitongoji:
vioo elfu mbili na ushei,
vimetandazwa kama karafuu juu ya majamvi.
Asubuhi, kabla ya mita na nyaya, ni ndoo na kitambaa.
Chumvi ya upepo. Vumbi la barabara. Mavi ya kunguru.
Katika mafunzo yote yale hakuna aliyenambia
kwamba umeme una adui mwenye mabawa.

Siku ya kwanza nilimleta Baba.
Alisimama langoni, akatega sikio zima,
la kushoto; la kulia lilibaki ndani ya Shangazi.
"Imezima?"
"Inafanya kazi, Baba."
"Mbona haisemi?"

Akapita safu kwa safu, mikono nyuma,
akitafuta pa kuweka kiganja
kama alivyokuwa akimpima Pumu homa.
Akakigusa kioo, akaurudisha mkono mbio. Moto!
Hapo akacheka.

Kisha akatazama mashariki.
Wingu lilikuwa linapanda, lile zito la masika,
na nikamwona mtoto wa mashamba ya karafuu:
mabega yamekaza, miguu inataka kukimbia.
Maana Pemba hii sote tumekulia katika ukelele mmoja,
"Anueni! Anueni!"
na majamvi yakikunjwa na mali ya mwaka mzima ndani.
"Mize," akasema, "mmeanika jua.
Mvua ikija, mtaanua nini?"

Nikampeleka kwenye nyumba ya betri,
nyeupe, baridi, mlango wa chuma.
"Humu ndimo tunamoanulia."
"Siku ngapi?"
Nikamjibu kwa saa.
Saa nne, tano, mji ukiwa mpole.
Akanitazama kama alivyokuwa akikitazama kipimo cha tangi
na huku bandarini hakuna mlingoti.

Juzi wamempigia simu kutoka Wesha.
Pumu anauzwa kwa kilo.
Mgeni ameshaondoka, hakuaga.
Shangazi anabaki, wanasema, kwa ajili ya masika,
apakwe grisi, afunikwe turubai.
Baba ameomba ampake yeye.

Usiku nyumbani hatulali vizuri.
Ukimya huu ni mpya, una mambo mengi ndani yake:
popo wanagombea shelisheli nyuma ya banda,
friji ya Bi Chumu inanong'ona na barafu zake za kuuza,
na Baba, sebuleni, yuko macho chini ya taa.
Anaizima.
Anaiwasha.
Sikio zima ameliegemeza ukutani.