Deni la Chumvi

Tulifinyanga usiku, bondeni Dokgol,
kwa sababu moshi wa tanuri ulificha moshi wetu mwingine:
mishumaa miwili,
na pumzi za watu kumi na tisa wakisali kwa kunong'ona.
Mchana tulikuwa wafinyanzi tu, watu duni wa milimani,
kucha nyeusi. Hakuna ofisa wa Joseon
aliyetaka kutushika mkono.

Mama Okdan hakufinyanga. Alibeba.
Mitungi minne kwenye chanja ya mbao, mgongoni,
siku tatu hadi masoko ya tambarare, siku tatu kurudi,
na chini ya mchuzi mzito wa soya,
ndani ya karatasi iliyopakwa mafuta,
barua ambazo yeye mwenyewe hakujua kuzisoma.
"Mimi punda wa Bwana wa Mbinguni," alisema,
"na punda haulizwi herufi."
Akirudi, kabla hajala,
alikwenda kumgeuza mzee Pyo aliyepooza,
akamsafisha, akamkemea kwa kulialia.

Walikuja theluji ikiwa ya magotini.
Nakumbuka mitungi ikipasuliwa, mmoja mmoja, bila haraka,
kama mtu anayevunja mayai.
Hakimu alitaka neno moja tu.
Nililitoa.
Lilikuwa jepesi kama kapi,
nami nimelibeba miaka kumi na sita.

Yeye alipoulizwa, alijibu kwa adabu kwamba hawezi,
kama mtu aliyekaribishwa chakula
naye ameshiba.

Siku ya tisa nilimpelekea uji wa shayiri.
Shingoni alivikwa ubao, mpana kama mlango.
Nilitegemea anitemee mate.
Alinihesabia madeni.
"Chilbok, umekuja vizuri. Sikiliza.
Msumari wa chanja ni wa fundi Ma, urudishe.
Huyu mlinzi mwenye makengeza
alinisogezea majani makavu usiku wa baridi;
mpe bakuli, lile la kahawia, lisilo na doa.
Na mjane Seo ananidai kibaba cha chumvi.
Usisahau chumvi."

Kisha akaendelea, nami sikujua tena anasema na nani:
asante kwa magoti haya, yamekwisha, lakini yalifika;
asante kwa mteremko wa Solgae,
sikuwahi kupita pale nikakosa upepo;
asante kwa Pyo, jinsi alivyokuwa mzito;
asante kwa uji.
Umepoa. Si kitu.

Nilitaka kuomba radhi. Ulimi ukagoma.
Akanitazama, akanipa la kifinyanzi:
"Mtungi wenye ufa hauweki maji.
Nafaka unaweka."

Mchangani kando ya mto, alfajiri,
mwenye upanga alikuwa amelewa. Wanasema hulewa wote.
Okdan akamwomba asubiri kidogo,
akazikusanya nywele zake mwenyewe, akazifunga juu,
asimwachie kazi.
Akainama vile vile alivyoinama kila safari, kutwikwa mitungi.
Mimi nilikuwa nyuma ya watu, nyuma kabisa,
nimevuta kofia hadi kwenye nyusi.

Msumari niliurudisha. Bakuli nililipeleka;
mlinzi alilipokea kwa mikono miwili, hakuuliza.
Chumvi ndiyo iliyonishinda
mpaka barafu ya mtoni ilipoachia,
maana mwana wa mjane Seo
alilikataa neno lile nililolikubali mimi,
akalala mchanga ule ule.

Nilisimama mlangoni kwake, kibaba kikinitetemeka.
Alikitazama kwa muda mrefu.
"Chumvi gani?
Okdan alinilipa tangu vuli. Tena alizidisha."

Mvua ilikuwa ikinyesha, ile nyembamba isiyo na sauti.
Nadhani tulielewa sote wawili, kwa wakati mmoja,
ni nini hasa alichonituma kukileta.

"Ingia," akasema.
"Viatu vyako vimelowa."