Vijiti Saba vya Penseli

Kengele ya kanisa ilipogonga saa kumi na mbili
aliingia Notburga, amevaa koti lake la misa,
akajipangusa theluji, buti la kushoto kwanza,
akasimama chini ya pembe za kulungu
kama mtu aliyefika kwa daktari bila miadi.

Miaka arubaini na mmoja ng'ambo ya barabara,
hajawahi kula kwangu.
Chakula cha hotelini, alizoea kusema,
ni cha watalii na wajane.
Sasa naye mjane, tangu tulipochuma matufaha.

Nilimwonyesha meza ya dirishani, yenye kitambaa safi.
Akaipita.
Akaenda kwenye meza ya duara kando ya jiko la vigae,
meza ya wanaume,
ambayo mgeni akiikalia tunamhamisha kwa upole
na mwanakijiji akiikalia bila haki, kwa macho tu.
Vinzenz alikuwepo, na Egid fundi bomba,
na mkuu wa zimamoto, karata kifuani.
Kiti cha Korbinian kilikuwa kimeegemezwa ukutani.
Akakivuta, akakaa.
Kikalia kiti. Yeye hakulia.

"Kuna nini leo?"
Nami nikaanza, kama ninavyowaanzia wageni wote wa Tirol:
nyama ya ndama iliyopondwa hadi ikaizidi sahani,
ikavikwa chenga za mkate, ikaogeshwa samlini;
madonge ya mkate yenye ini;
kabichi chachu; na supu ya mifupa ya ng'ombe
yenye chapati nyembamba zilizokatwa nyuzinyuzi…
"Yeye alikula nini?"

Nimekaa nyuma ya kaunta hii tangu niolewe humu,
nimeulizwa mengi na wake za watu,
mengine nimeyajibu kwa kufuta glasi.
Hili nililijibu.
"Supu tu. Kila Alhamisi, supu tu.
Alisema nyumbani kuna chakula."

Jiko likapasua kuni moja, kwa sauti.
Vinzenz akayachungulia malkia wake wawili
kana kwamba mmoja atatoroka.
Nikaleta supu. Akaitazama mpaka mvuke ukaisha,
ndipo akala, taratibu, bila kuinua uso,
akakwangua mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli.

Kisha akafungua pochi.
"Nimekuja kulipa deni."

Nililijua. Lilikuwa kwenye droo, chini ya ufunguo wa chumba namba sita:
kile kikaratasi kigumu cha kuwekea bilauri,
kina duara la unyevu uliokauka,
na vijiti vya penseli pembeni:
vinne vimesimama, cha tano kimevilalia,
viwili mbali kidogo, vikingoja wenzao.
Sikuwa na moyo wa kukitupa.
Sikuwa na uso wa kuvuka barabara nacho.

"Liache, Burgl," nikasema.
"Dawa ya deni ni kulipa. Usinifanye maskini mbele ya hawa."
Egid akaanza kutoa noti;
akatazamwa, noti ikarudi mfukoni yenyewe.

Akahesabu sarafu saba mara tatu
(bei ya zamani; sikumwambia imepanda).
Akazisukuma kwangu kwa kidole kimoja.
"Sasa niletee ya nane."

Aliinywa kama dawa, amefumba jicho moja,
povu likamkaa juu ya mdomo na hakuna aliyethubutu kucheka.
Kisha akanyoosha mkono, akachomoa penseli sikioni mwangu,
akachora.
Kijiti chake kimeinama, hakifanani na vile saba.

"Hiki nitakilipa Alhamisi."

Wageni wa chumba namba sita wakaomba chumvi.
Niliporudi, Vinzenz alikuwa anagawa karata kwa wanne.
"Sijui kucheza," alisema Notburga.
"Hata Korbinian hakujua," alijibu mkuu wa zimamoto.
"Miaka thelathini nzima tumekuwa tukishindwa naye."