Asilimia Themanini na Moja

Kadi zimefika Sikonge ndani ya kopo la maziwa ya unga,
mdomo umezibwa kwa mpira wa baiskeli, vumbi lisiingie.
Kamera arobaini, kiangazi chote,
zimefungwa kwenye mitundu na mikora kule Ugalla.
Hazipigi miayo. Kikipita kitu, zinafumbua jicho.

Mara nyingi kilichopita ni upepo.
Picha elfu ishirini na sita za nyasi zikiinama.

Mimi ndiye mwalimu wa mashine.
Naiambia: huyu palahala. Na huyu palahala,
ingawa amegeuka na pembe zimeishia nje ya picha.
Yule nyegere, usimwite fungo,
tazama mgongo, kama kaiba shuka la mtu
akakimbilia nalo kwenye asali.
Inakosea, inarekebisha, inakosea kidogo zaidi ya hapo,
haioni haya.

Marehemu baba, mwambua magome ya mizinga,
alihitaji mti mmoja tu na ukucha.
Anakwaruza, ananusa: "Mninga. Na una kiu."
Mashine ilitaka picha elfu tatu za tunda lake,
lile duara lenye miiba katikati,
yai la kukaanga lililoota ndevu,
ndipo ikathubutu kusema: mninga, labda.
Kunusa haijui. Wala haijui
kwamba mninga ukiukata unatoka damu.

Leo, picha ya kumi na nne elfu, mia mbili na saba.
Saa nane na dakika kumi usiku.
"Nyati," inasema. Asilimia themanini na moja.

Nasogeza kiti.
Tumbo pana, kweli. Pembe zimejikunja, kweli.
Ila tumbo ni mbao, tatu kushoto, tatu kulia,
na pembe ni usukani,
na kati yake mtu ameinama anasukuma,
shati lina kiraka cha kitenge mgongoni.
Kiraka hicho nilikishona mimi,
kwa uzi wa kijani, mweusi uliniishia.

Mjomba Mlekwa.
Ambaye kila nikimuuliza pesa imetoka wapi
anajibu, "Asali mwaka huu imekubali."

Kitufe cha kwanza: sawa, ni nyati.
Nani atajua? Ofisini niko peke yangu na feni mbovu.
Lakini mwanafunzi huyu hasahau.
Nikimdanganya leo, kesho kila baiskeli ya msituni
itakuwa nyati, na nyati wa kweli
siku moja atakuwa mjomba wa mtu.

Naandika, herufi moja moja kama napanda mtama:
b i n a d a m u.
Kwenye kisanduku cha mimea: mninga.
Hakuna nafasi ya kuandika "uliokatwa".

Mashine inanyamaza. Taa yake ndogo inapepesa.
Halafu, bila kutumwa, inarudi nyuma kwenye kadi zote,
inafukua, inafukua,
inaniletea mezani picha saba nyingine.
Binadamu, asilimia tisini na sita.
Binadamu, asilimia tisini na tisa.
Kiraka, kiraka, kiraka.

Ya zamani kabisa ni ya mwisho wa Juni,
siku mbili kabla mdogo wangu Shija
hajapanda basi kwenda bweni,
kidato cha tano,
na godoro jipya bado liko ndani ya nailoni.

Chini ya picha, maandishi madogo yanasubiri,
kama mtoto aliyenyoosha daftari:
Nimepatia?