Chupa Katikati

Gunia lilishinda bandani msimu wote wa mvua
na mkaa umekunywa unyevu wa mto Paraná.
Ukiugonga haulii kama chungu kizima,
unaguna, kama mtu aliyeamshwa mapema.
Ni mkaa wa Chaco, wa ule mti uvunjao mashoka,
mti ambao, baba akisema,
huingia motoni kwa hiari yake tu.

Saa nne. Rosario inanuka vitunguu na nyasi zilizokatwa.
Wageni kumi na mmoja wanakuja saa saba.
Shemeji yangu Ovidio ameshafika,
chupa ya spiriti mkononi,
na subira ya mtu anayengoja nishindwe.
"Mwaga kidogo tu, Mirta."
Sitaki mbavu zinuke wodi, namwambia.

Jivu la mwisho la baba lilikuwa bado jikoni
tangu Agosti, limeganda kwa manyunyu.
Asubuhi nililichota kwa sepetu
nikalimwaga penye shina la mlimau.
Sikusema neno. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Sasa nasimamisha chupa tupu ya mvinyo katikati.
Nasokota gazeti, ukurasa kwa ukurasa,
naivisha chupa pete juu ya pete hadi shingoni,
kisha naizungushia makaa, makubwa chini, madogo juu.
Hakunifundisha.
Wanawake walikuwa na saladi yao.
Miaka thelathini nimejifunza kazi hii
kutoka mgongoni mwa shati lake.

Magazeti nayo ni yake, rundo alilolifunga kwa uzi.
Katika la nne au la tano nakuta fumbo la maneno
limejazwa kwa kalamu ya bluu,
herufi kubwa, zimeegemea kushoto kama ua bovu,
zote, isipokuwa visanduku vitatu:
*Mto wa Urusi.*
Nasimama nao. Ovidio anatikisa spiriti yake.
Shangazi Nélida anapaza sauti dirishani: "Volga!"
Hiyo ni herufi tano, shangazi.
"Basi ibane!"

Nausokota. Unakuwa pete ya juu kabisa.

Kisha chupa. Polepole, kwa kuizungusha,
kama kung'oa jino la mtoto aliyelala.
Inatoka, na pale ilipokuwa
panabaki koo.

Kiberiti kimoja, karatasi moja iwakayo, nadondosha.
Moshi mweupe, mzito, unavuka ukuta
na Bi Zulema anafunga dirisha kwa kishindo.
Kisha hakuna kitu.
Kisha hakuna kitu kwa muda mrefu.
Hapa ndipo wengi huharibu. Mkono huwasha,
unataka kuchokoa, kupuliza, kupanga upya.
Kaa, najiambia. Kaa.
Neno moja, linatutosha sote,
lile lililo jikoni na mimi niliye kwenye kiti cha plastiki.

Moto huzaa jivu, husemwa juu ya watoto kama mimi.
Na iwe. Nakaa.

Kumbe ni sauti inayotangulia, siyo rangi:
tik,
kama ukucha juu ya glasi. Kimya. Tik, tik.
Halafu kooni, ndani kabisa, wekundu
usio na haraka, unaopanda kaa kwa kaa,
na ukingoni mwa kila moja utando wa kijivu
mwembamba kama maziwa yaliyoanza kupoa.

Ovidio anaiweka spiriti nyuma ya chungu cha maua,
kama mtu aliyekutwa na kisicho chake.
"Tuweke nyama?"
Bado.

Natandaza makaa, nashusha wavu.
Baba alikuwa akinyoosha kiganja juu yake na kuhesabu;
alipofika sita, mbavu ziliingia.
Nanyoosha changu.
Moja. Mbili. Vinyweleo vinajikunja.
Tatu.
Nne, na mkono unaruka wenyewe.

Narudia. Nne tena.

Haya, leteni soseji.
Mbavu zitangoja moto upungue,
au mkono huu ukomae.